Nani Mwongo wa Theluji: Ponting au Hurley?

Kila picha za kale za Antaktika zinapotundikwa ukutani, hukumu ni ileile: Herbert Ponting alikuwa msanii, Frank Hurley alikuwa mghushi. Hukumu hiyo husimama mradi mtu ametazama meli na milima tu. Akiwatazama mbwa, inaanza kuyumba.

Ya nyuma yanajulikana. Mwaka 1893 mpiga picha Alfred Stieglitz alisimama kwa muda wa saa tatu katika dhoruba ya theluji jijini New York, akingoja gari la farasi kwenye Fifth Avenue, mkononi ana kamera ndogo ambayo mabingwa wa siku zile waliidharau. Miaka 18 baadaye Ponting alishuka Cape Evans na msafara wa Kapteni Scott, akapiga picha ya mbwa wa sleji aitwaye Chris, amekaa kwenye theluji mbele ya gramafoni yenye pembe kubwa. Ni picha tamu. Lakini mbwa wa sleji hatoki mwenyewe kwenda kusikiliza muziki. Kuna mtu aliyeibeba gramafoni hadi nje na kumkalisha mnyama. Wenzake Ponting nao walikuwa wakitaniana kwa jinsi alivyowasimamisha hivi na vile kwenye baridi. Kwa hayo yote hajaitwa mwongo.

Hurley yeye huhukumiwa kwa kazi ya chumba cha giza, hasa mawingu aliyoyatoa kwenye negativu moja na kuyachapa juu ya nyingine. Wanaomshutumu kwa hili hawana subira na ufundi wa zama zile. Negativu za kioo zilipokea rangi ya buluu kupita kiasi, hivyo anga ilitoka nyeupe kama theluji iliyo chini yake. Ukipima mwanga kwa ajili ya theluji, mbwa mweusi anakuwa doa. Ukipima kwa ajili ya mbwa, theluji inapoteza kila mkunjo. Mpiga picha Gustave Le Gray alikuwa akiunganisha negativu mbili za bahari na mbingu tangu miaka ya 1850, na leo anasifiwa kwa hilo.

Tena Hurley, kama Stieglitz, alijua kungoja na kutaabika. Usiku wa tarehe 27 Agosti 1915 alipanga milipuko kama 20 ya unga wa kumulikia kuizunguka Endurance, meli ya msafara wa Ernest Shackleton, iliyonaswa na barafu, na mwanga ule ukamwacha akipapasa njia kama kipofu. Meli ilipopondwa alivua nguo, akajitosa ndani ya maji ya barafu kuopoa makopo ya negativu. Baadaye yeye na Shackleton wakachagua kama 120, na nyingine 400 hivi wakazivunja palepale, ili asije akashawishika kuzirudia.

Kati ya zilizosalia kuna ile ya Tom Crean, baharia wa Ireland, amewakumbatia watoto wanne wa mbwa jike aitwaye Sally. Crean amewapanga kifuani, uso wake mgumu umelegea kidogo. Amesimamishwa? Bila shaka. Oktoba 1915, walipoihama meli, watoto wadogo zaidi wa Sally walipigwa risasi, pamoja na Mrs Chippy, paka wa seremala. Shackleton mwenyewe aliandika kwamba Crean aliumia. Kufikia Aprili 1916 hakuna mbwa aliyebaki, na wa mwisho waliliwa. Kusimamishwa kwa Crean hakupunguzi chochote katika hayo.

Kosa la Hurley liko kwingine, na hapo simtetei. Tarehe 24 Aprili 1916 alipiga picha ya watu kwenye ufuko wa Elephant Island wakiiaga mashua James Caird inayokwenda kutafuta msaada. Negativu ikakwanguliwa na kurekebishwa, kisha picha ikatolewa kwa umma kuwa ni ya kuokolewa kwao, jambo lililotokea tarehe 30 Agosti. Mwaka 1917, Hurley alipokuwa akipiga picha za vita huko Ubelgiji, mwanahistoria Charles Bean alizikataa picha zake za kuunganisha, akiziita bandia. Bean alichanganya mambo mawili. Wingu la kuazima halimdanganyi mtu kuhusu nani alikuwa hai siku gani. Maelezo ya uongo chini ya picha yanamdanganya. Makumbusho yanayoendelea kuionyesha picha ya ufukoni kama ya uokoaji yairudishie tarehe yake ya Aprili, na mawingu yaachwe yalipo.