Mekanisie anakula wapi? Historia ndogo ya garaje katika Masisi

Wiki hii wengi wameniandikia pembeni juu ya ile pikapu asosiasio inataka kununua kwa kushusha viazi na fromaji kutoka Lushebere hadi Goma. Wamoja wanasema gari ni maendeleo, wengine wanasema gari ni kaburi la dola. Mimi ni kati ya watu wanne waliokwisha kujaribu, na tulianguka. Lakini kabla ya kusema yetu, turudie nyuma kidogo, sababu naona tunagombana juu ya tabia ya bamekanisie, kumbe kuna historia.

Gari halikuingia Masisi kwa ajili yetu. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, shirika la kugawa ardhi kwa wakoloni, na milima yetu ikaanza kujaa mashamba ya kahawa, chai, pareto na ng'ombe. Mazao yalitaka barabara. Barabara ilikatwa kwa majembe na mikono ya babu zetu, na kiisha kila kipande kikapewa kantonie wake, mtu mwenye kilometa zake, kazi yake kufungua mifereji na kujaza mashimo. Tukisema leo kwamba barabara inavunja magari, tukumbuke kwamba ile barabara ilikuwa na mtu wa kuiangalia kila siku.

Na gari pia lilikuwa na mtu. Baba yangu mkubwa aliingia katika atelie ya shamba moja upande wa Katale mwaka 1971, akiwa kijana wa kuosha piesi na mazutu. Ananiambia lori la shamba lilikuwa na daftari lililofungwa kwa kamba karibu na usukani. Kila vidanji iliandikwa, tarehe na kilometa. Mtu akihitaji piesi mpya, alipaswa kwanza kuweka ya zamani juu ya meza ya bwana wa magazini. Bila ya zamani, hupati mpya. Na mwisho wa mwezi mekanisie alipata mshahara ule ule, lori likiwa limepona au likiwa limeugua.

Sisifu ukoloni hapa. Baba mkubwa mwenyewe anasema mshahara ulikuwa wa kununua chumvi na sabuni. Ninachosema ni kitu kimoja tu: mekanisie wa wakati ule hakuwa anakula ndani ya ubovu wa gari. Hakuwa na faida yoyote kama piesi ingenunuliwa mara mbili.

Kiisha ikafika tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Mobutu alitangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa Wazairwa. Katika Masisi mashamba makubwa yalikwenda mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala, na wengi wao hawakuwa wakulima. Ninyi wenzangu wa agronomia mumesoma kilichofuata kwa kahawa na chai. Lakini hakuna profesa aliyetufundisha kilichofuata katika atelie. Baba mkubwa aliiona. Kwanza magazini ya piesi iliuzwa, sababu ndiyo ilikuwa rahisi kugeuzwa pesa. Halafu lori moja likafunguliwa ili kuponya la pili. Halafu la pili likafunguliwa. Wakati huo huo bei ya shaba ilianguka duniani, tangu 1974, na nchi yote ikakosa pesa za kigeni za kuagiza piesi. Mwaka 1976 serikali iliruhusu wenye mali wa zamani warudi, lakini wengi hawakurudi, na wale waliorudi walikuta vyuma tu.

Bamekanisie nao walienda wapi? Walitoka na funguo zao, wakafungua kazi kando ya barabara, chini ya mikalitusi, huko Sake, Masisi-centre, Goma. Hapo ndipo garaje tunayoijua ilizaliwa. Nitakaa hapa kidogo, sababu naona njo kiini cha maneno yote. Yule mtu ni yule yule, mikono ni ile ile, lakini mlo wake umehama. Zamani alilipwa kwa mwezi. Sasa analipwa kwa gari lililokufa. Gari lisipokufa, watoto wake hawali. Tena mwenye gari, sababu piesi ni adimu na yeye hajui duka, anamupa pesa mkononi na kumwambia "unipatie piesi". Piesi inakuwa na bei mbili, ya duka na ya kuambiwa. Daftari limekwisha, meza ya bwana wa magazini imekwisha, piesi ya zamani inatupwa nyuma ya nyumba, au inasafishwa na kuuzwa kwa mwingine. Ilikuwa artikle 15, kila mtu ajitafutie. Mimi siwezi kumuita mwizi mtu ambaye sisi wenyewe tulimupangia kazi namna ile.

Miaka ya 90 iliongeza mengine. Zaïre ya pesa ilipoteza thamani mpaka mwaka 1993 zaïre mpya moja ikahesabiwa sawa na milioni tatu za zamani, na tangu hapo piesi inahesabiwa kwa dola. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia upande wa Goma, mashirika ya misaada yakafuata na Land Cruiser zao, na garaje zao zikarudisha kitu tulichokuwa tumesahau: vidanji kwa kilometa, karatasi ya kutia sahihi. Hata leo ukikutana na mekanisie wa Goma mwenye kuandika, muulize alifanya kazi wapi.

Halafu yakaja magari ya Japani, kupitia Mombasa na Dar es Salaam, usukani upande wa kuume wakati sisi tunatembea kuume. Kwa nini Wajapani wanayaachilia yakiwa bado mazima? Kule gari jipya linapitishwa kwenye ukaguzi wa serikali baada ya miaka mitatu, kiisha kila miaka miwili, na ukaguzi ni ghali. Wengi wanaona heri kuuza. Kwa hiyo gari linatufikia likiwa na historia yake nzuri, hata kibandiko ndani ya boneti chenye kusema mkanda wa distribisio ulibadilishwa lini. Ila kimeandikwa Kijapani. Historia iko pale, hakuna mwenye kuisoma.

Na hapa ninaingia katika ubaya wetu.

Mwaka 2020 tulichanga, watu wanne, tukanunua Hilux ya mazutu, motere ya 3L, dola 5,500. Kwenye tablo kulikuwa taa ndogo ya njano, imeandikwa T-BELT. Muuzaji akasema ni nyuzi tu za umeme. Toyota waliweka ile taa ili iwake gari likimaliza kilometa 100,000, kusema kwamba mkanda wa distribisio umefika mwisho. Tuliuliza garaje moja ya Goma. Mekanisie akasema: "Injenieri, hii ni courroie. Mulete dola mia moja na makumi mbili, piesi na mikono ndani." Tukatoa. Jioni tukachukua gari, taa imezimika. Tukafurahi kabisa, tukamununulia na bia.

Kumbe ile taa ina mahali pa kuirudisha kwenye sifuri. Mtu anayejua anaizima kwa dakika chache, bila kugusa mkanda. Sisi hatukuomba kuona ule wa zamani. Watu wanne, lisansi nne, hakuna aliyeuliza swali ambalo mtoto wa kuosha piesi aliulizwa kila siku mwaka 1971.

Miezi mitatu nyuma, kwenye mpando wa Mushaki, tukiwa na magunia ya viazi, motere ilinyamaza mara moja. Mkanda ulikatika. Kwa motere ya namna ile, mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Tulivutwa hadi Goma kwa Fuso, tukaingia garaje nyingine. Kwanza dola 900. Kiisha "kulasi imepasuka", dola 1,400. Tukaanza kutafuta pesa, na motere ikabaki wazi juu ya mawe.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Alhamisi tarehe 27 utawala ukaamuru sehemu kubwa ya Goma ihamishwe, na watu wakajaza barabara ya Sake. Mama yangu alikuwa kwangu, miguu yake ni migonjwa. Tulikuwa na gari, halikuwa na motere. Tulitembea, tukipumzika kila mahali. Njiani nilimuona mtu na chukudu yake, amepakia magodoro na mzee mmoja juu. Mpira wa gurudumu ukatoka. Akalaza chukudu, akaokota jiwe, akapigilia misumari, akaendelea. Haikufika dakika kumi. Ile chukudu ilizaliwa katika milima yetu miaka ya 70, wakati ule ule malori ya mashamba yalikuwa yanakufa: mbao za mumba na mikalitusi, mpira wa tairi kuukuu, na mwenyewe ndiye mekanisie. Mwaka 2009 Goma iliijengea sanamu. Zamani nilikuwa naona ile sanamu kama aibu ya mji.

Tuliporudi mwezi wa sita, alterneta na batri hazikuwepo. Mwenye garaje akasema wezi waliingia watu walipokimbia. Inawezekana ni kweli. Tuliuza bodi na magurudumu kwa dola 1,100, tukagawana, na mmoja wetu hatusemezani naye hadi leo.

Sasa kwa ile pikapu ya asosiasio. Sina neno la kukataa, barabara ikiruhusu, hali ya usalama munaijua wenyewe. Ila naomba kikao cha Jumapili kisizungumze bei ya gari peke yake. Kabla ya kutoa dola, tupeleke mtu anayesoma Kijapani, au tupige picha ya kile kibandiko na kumtafuta. Kama mkanda hauna tarehe, tuhesabu kwamba umekwisha, tuubadilishe mbele ya macho yetu. Piesi tununue sisi, mekanisie akiwa pamoja nasi dukani, na mikono yake tumulipe vizuri, bei ikubaliwe kabla ya boneti kufunguliwa. Afadhali hata tumulipe kidogo kila mwezi kwa kuangalia maji ya radiatere, mafuta, na kutoa maji ndani ya filtri ya mazutu (mazutu yetu ya bidoni, munaijua), ili apate kula gari likiwa zima. Piesi ya zamani irudi mezani. Na tukifika garaje tuseme dalili, si ugonjwa: "inavuta moshi mweupe asubuhi", si "bomba la mazutu limekufa". Ukimtajia ugonjwa, atauponya ule ulioutaja, na utalipa. Ni kama mkulima anayekuja na kusema nipe dawa ya mildiu kabla hujageuza hata jani moja la kiazi.

Nilimuomba baba mkubwa aje kuangalia gari kabla hatujalipa. Miaka yake ni mingi lakini masikio yake bado yanasikia motere. Amekubali, kwa sharti moja: achague mwenyewe nani atashika daftari. Nikamuambia mimi niko tayari. Akaniangalia, akasema, "Wewe ulilipa bia. Tafuta mwingine."