Gari Lililopita kwa Kasi: Datsun 240Z, Safari Rally na Biashara ya Kuufufua Ujana

Januari 2020, Datsun 240Z la mwaka 1971 liliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. Magari hayo yalipoingia madukani huko kwa mara ya kwanza, bei yake ilikuwa dola 3,526. Lililouzwa lilikuwa limetembea kidogo mno kwa umri wake, na wala halikuwa limepita mikononi mwa mafundi wa kufufua magari. Hapo ndipo penye kichekesho. Watu wazima na akili zao humaliza akiba ya uzeeni kulirudisha gari la ujana wao katika hali ya upya, kisha soko linamlipa zaidi yule aliyeliacha kama lilivyo.

Mapenzi ya gari kuukuu hayakuanza na Wajapani. Mwaka 1896 Waingereza waliendesha magari kutoka London hadi Brighton kusherehekea sheria mpya iliyoyaruhusu kwenda kasi zaidi. Mwaka 1927 safari hiyo ilirudiwa kwa makusudi ya kumbukumbu, kwa magari ya zama zile zile ambayo wengi walikwisha kuyaona makopo. Ilikuwa imepita miaka 31, na muda huo, mwongo mmoja juu au chini, umejirudia mara nyingi tangu hapo. Gari dogo la michezo aina ya MGB lilianza kutengenezwa mwaka 1962 na kusimamishwa mwaka 1980. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ikaanza kutoa bodi zake upya, za chuma kitupu, kwa ajili ya watu ambao magari yao yalikuwa yameliwa na kutu. Hesabu haihitaji mchumi. Aliyeitamani MGB mwaka 1962 akiwa na miaka 18 alikuwa na 44 mwaka 1988. Watoto wamekua, mkopo wa nyumba unaelekea ukingoni, na gereji ina nafasi.

Datsun 240Z lilifuata njia hiyo hiyo, ila kwetu Afrika Mashariki lina ukurasa wake.

Japani liliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiiongoza huko Marekani Nissan, kampuni iliyokuwa ikitengeneza Datsun, aliona jina hilo halitamuuzia gari mwanaume wa California, akahakikisha linang'olewa na namba kuwekwa mahali pake. Katayama, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuishi miaka 105, alikuwa mtu wa mashindano. Mwaka 1958 ndiye aliyeongoza kikosi cha Datsun kilichokwenda kuzunguka Australia katika mbio ndefu za barabara mbovu, na tangu hapo aliamini kwamba vumbi huuza magari kuliko tangazo la gazeti. Alichowapa vijana wa Marekani kilikuwa pua ndefu, viti viwili vilivyosogezwa nyuma, injini ya silinda sita ya lita 2.4, na bei iliyokaribia nusu ya ile ya Porsche 911. Walilipigania.

Vumbi lenyewe lilikuwa letu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kwa miaka mingi ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikianza kuchezea barabara. Nissan walikuja kujifunza hapa katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda akiwa na Hans Schüller katika Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wawili hao wakapewa 240Z, wakashinda tena, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z jingine lililoendeshwa na Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, akahamia Kenya. Pasaka ya 1973, mwaka ambao Safari ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika Mashindano ya Dunia, alimaliza katika 240Z akiwa amelingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye alikuwa katika Datsun. Ushindi ukaenda kwa aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuadhibiwa, yaani Mehta. Sijui kama kuna ushindi mwembamba kuliko huo katika historia ya Safari, lakini huo ndio uliolikita jina la Z vichwani mwa watoto waliokuwa wamesimama kandokando ya barabara wakila vumbi lake.

Anayetaka kulinunua gari hili leo asianze na injini. Injini ni ya chuma cha kusubu, kichwa cha alumini, mnyororo badala ya mkanda. Ikitunzwa inamzidi mwenyewe umri. Aanze na zulia. Chini ya zulia kiwanda kilibandika shuka za lami ili kupunguza kelele sakafuni, na lami hiyo ikazeeka, ikapasuka, ikawa inafuga maji. Kuibandua kwa patasi ni adhabu ya siku nzima. Mafundi wanaojua humwaga barafu kavu juu yake, wakasubiri hadi lami igande na kuwa ngumu kama kioo, kisha wanaigonga kwa nyundo inaruka vipande vipande. Bati linalojitokeza hapo ndilo linaloamua kama umenunua gari au umenunua matatizo.

Kisha afungue boneti na kutazama chini ya betri. Tindikali ilichuruzika hapo kwa miaka, ikala kibao cha betri, ikateremka hadi kwenye mhimili wa chini. Gari hili halina fremu inayojitegemea. Bodi ndiyo fremu. Mhimili ukioza, mlango hukataa kufunga sawasawa, na muuzaji atakuambia ni bawaba tu. Asiamini.

Kwenye karabureta wapenzi wa "uhalisi" hunyamaza kidogo. Magari ya 1970 hadi 1972 yalikuwa na karabureta mbili za vichwa vya mviringo, rahisi na tiifu. Mwaka 1973, kwa sababu ya sheria za Marekani za moshi, zikaja za vichwa bapa, ambazo injini ikipata moto husumbua. Wengi wanaofufua gari la 1973 huzing'oa na kufunga za zamani, kisha wanasimama kwenye maonyesho wakiapa kwamba kila nati ni ya kiwandani.

Nissan wenyewe walijaribu biashara hii. Mauzo ya magari ya Z huko Marekani yalikatika mwaka 1996, na kampuni haikutaka jina life kabla ya kuleta jipya. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1997 ikawa inanunua 240Z chakavu, inayavua hadi bati tupu, inayajenga upya na kuyauza kupitia wenye maduka yake kwa dola 24,950. Magari yaliyotoka hayakufika hata hamsini, kwa kuwa kazi ya mikono ilizidi kile ambacho bei ingeweza kulipia. Kama kampuni iliyolibuni gari ilishindwa na hesabu hiyo, mtu wa gereji ya nyumbani asitegemee faida.

Swali la uhalisi linazidi ugumu gari likiwa la mashindano. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilipitisha mwanzoni mwa miaka ya 2010 Mkataba wa Turin, unaohimiza kuhifadhi kwanza na kufufua pale tu inapolazimu. Kwa gari la Safari maana yake ni kwamba pale lilipobonyezwa na jiwe la Tanzania ni sehemu ya historia, si kasoro ya kunyooshwa. Nakubaliana na hilo moja kwa moja. Gari lililoshinda mwaka 1971 limetunzwa katika ghala la kumbukumbu la Nissan huko Zama, Japani. Wakati huo huo duniani kote watu wanalipaka Z lolote rangi nyekundu na boneti nyeusi, wanalibandika namba, na kuliita la Safari. Hakuna sheria wanayovunja. Ila huo ni ushonaji wa sare, kazi tofauti kabisa na uhifadhi.

Tangu mwaka 2003 magari ya kale yana mbio zao, East African Safari Classic, na humo historia imeandikwa upya kwa namna ya ajabu. Porsche haikuwahi kushinda Safari yenyewe, ingawa ilikaribia mwaka 1974 na 1978 kwa kushika nafasi ya pili. Kwenye Classic imeshinda na kurudia: Björn Waldegård mwaka 2011, Stig Blomqvist mwaka 2015. Magari hayo hujengwa Ulaya kwa pesa nyingi na huteremshwa bandarini Mombasa yakiwa imara kuliko babu zao walivyowahi kuwa.

Lakini gari ninalolitetea mimi si Porsche, na kwa kweli si 240Z pia. Mehta alishinda Safari mara tano. Ya Z ilikuwa moja tu. Nne zilizobaki, mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, alizipata katika magari ya ukoo wa Datsun 160J, ambalo Japani liliitwa Violet: gari la milango minne na silinda nne ambalo ofisa wa serikali angelipeleka kazini Jumatatu. Ndilo lililokuwa likiegeshwa uani kwa watu. Lilipakia magunia na maharusi, likafungwa spea za masoko ya Grogan, Nairobi, na Kisekka, Kampala, hadi likaishia skrepa. Z liliokoka kwa sababu wachache walikuwa nalo na wengi walilitamani. 160J liliteketea kwa sababu lilikuwa na faida.

Tofauti hiyo utaiona kwa fundi wa bodi. Anayefufua 240Z anaagiza sakafu, mabawa na raba za milango, vyote vinatengenezwa upya ng'ambo. Kazi yake ni kusubiri mzigo na kulipa ushuru. Mwenye 160J hana kitabu cha kuagizia. Bawa lililooza lazima likatwe kwenye bati jipya, lipigwe kwa mkono juu ya gogo, lipimwe na kupigwa tena hadi likae. Mafundi wa jua kali wanaoweza kazi hiyo bado wapo Nairobi na Kampala, na wengi wao ni wazee. Wenye magari ya kuwapelekea ndio waliopungua.