Ramani yenye kumbukumbu: OpenStreetMap na wanagenzi wake

Wasomaji wangu, leo tuzungumzie kitu ambacho hata baadhi ya wanaochora OpenStreetMap hawakijui: kila barabara, choo na zahanati iliyomo ina nambari yake na matoleo yake. Ukikifuta, hakifutiki kabisa. Kinaondoka machoni tu, lakini seva bado inacho, pamoja na jina la aliyekifuta.

Mradi huu ulianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, kwa wazo la Wikipedia: yeyote aje ahariri. Ila ramani ni ngumu kuliko makala. Ukurasa wa Wikipedia ukiharibiwa, unarudisha toleo la jana, basi. Barabara ni msururu wa nukta, na nukta moja yaweza kuwa ya barabara mbili zinazokutana. Ukirudisha moja, umeigusa na ya jirani.

Mwaka 2007 Richard Fairhurst alitoa Potlatch, programu ya kuhariri ndani ya kivinjari. Huhitaji kusakinisha chochote! Lakini mabadiliko yalikwenda moja kwa moja kwenye seva, bila kitufe cha kuhifadhi. Mwanagenzi akibofya huku na huku kujaribu, anachezea ramani ya dunia nzima. Dawa haikuwa kuwafungia mlango. Waliwekewa herufi H ya kuona matoleo ya zamani ya njia na U ya kufufua zilizofutwa. Mimi kama mwandishi wa programu naupenda sana uamuzi huo.

Aprili 2009 likaja badiliko kubwa, API 0.6. Tangu hapo mabadiliko huingia kwa mafurushi, na unaweza kueleza umefanya nini. Pia seva hukagua toleo. Tuseme mimi na wewe tumefungua barabara ileile ikiwa toleo la 3. Wewe ukahifadhi kwanza, ikawa la 4. Nikituma yangu ya 3, nakataliwa. Zamani ningefunika kazi yako bila hata kujua.

Miezi michache baadaye, mwishoni mwa 2009, Map Kibera ilianza. Kibera, mtaa mkubwa hapa Nairobi, ulikuwa pengo tupu kwenye ramani hiyo. Vijana 13 wa hukohuko walifunzwa kutumia GPS, wakatembea vichochoro na kurekodi. Wote wanagenzi. Kwa maoni yangu walikuja wakati mzuri, maana mtambo ulikuwa tayari umejifunza kuvumilia mikono mipya.

Lakini kuna shimo moja ambalo halijazibwa. Mgeni akiona nyumba imekaa vibaya, mara nyingi huifuta na kuchora nyingine, maana kusogeza kunamtisha. Mpya hupata nambari mpya, toleo la 1, jina lake. Yule kijana aliyeikanyagia matope miaka iliyopita hayupo tena hapo. Hata kuikata barabara vipande viwili huacha nambari ya zamani kwa kimoja tu. Kingine huonekana kana kwamba kimezaliwa leo.

Je, hilo ni la sifa tu? La. Mwaka 2012 mradi ulihama kutoka leseni ya Creative Commons kwenda ODbL. Michango ya waliokataa, au wasiojibu, ilibidi iondolewe, na roboti ikapewa kazi hiyo. Iliamua kwa kusoma historia: aliyechora akikataa, njia inaondoka, aliyeongeza jina tu akikataa, linaondoka jina. Mahali historia ilipokatika, roboti haikuwa na njia ya kujua nani alitangulia.

Kwa wanaotumia JOSM, kiongezo cha utilsplugin2 kina amri ya kubadilisha umbo: chora nyumba mpya, ichague pamoja na ile ya zamani, na umbo jipya litavaa nambari ya zamani pamoja na matoleo yake yote. Ni sekunde chache tu.