Akala Haikuwa Falsafa

Kuna raba zinazouzwa kwa sifa ya vitu zisivyokuwa navyo. Hazina soli nene, hazina kisigino kilichoinuka, wala hazibani vidole. Ati zinaurudisha mguu kwenye asili yake. Bei yake, lakini, si ya asili hata kidogo.

Mimi nikizitazama naona akala. Tairi kuukuu la gari linakatwa kwa kisu kufuata wayo, linapigiliwa mikanda, basi. Wazee wetu walizivaa kuchunga, kwenda sokoni, kupanda milima. Hakuna aliyeziita falsafa. Walizivaa kwa sababu zilikuwa rahisi na hazikuisha upesi.

Hadithi ya mguu wa Mwafrika mbioni imesimuliwa sana na watu waliokuwa jukwaani. Julai 1954, Lazaro Chepkwony alikimbia maili sita peku katika uwanja wa White City, London. Aliongeza kasi, akapunguza, akaongeza tena, mpaka akaumia na kujitoa. Katika mashindano hayo hayo, Nyandika Maiyoro alimaliza wa tatu katika maili tatu, nyuma ya Waingereza wawili waliovunja rekodi ya dunia. Kilichobaki vichwani mwa wengi ni ile miguu mitupu.

Kisha ikaja Roma, 1960. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni peku kwa saa 2:15:16. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi hivyo, na viatu alivyopata huko vilimbana. Picha yake ikazunguka dunia nzima. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena kwa saa 2:12:11, safari hii akiwa na viatu na soksi. Mbona hiyo picha ya pili hatuioni sana?

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti ulioshirikisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Waliozoea kukimbia peku wengi walitua kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya wayo, si kwa kisigino, na mshtuko ukapungua. Biashara ikachangamka. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliozoea pia kutembea peku. Kwa mwendo wa kawaida wa mbio ndefu, wengi wao walitua kwa kisigino. Kumbe hata miguu mitupu haikubaliani! Mwaka uliofuata, kampuni ya Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba faida za afya zilizotangazwa hazikuwa na ushahidi. Haikukiri kosa.

Na kuna mgeni asiyetajwa kwenye matangazo: funza. Alitoka Brazili, akafika Angola mwaka 1872, akavuka bara lote hadi kwetu kabla karne ile haijaisha. Tangu hapo, kutembea peku kumewagharimu watoto wengi vidole na masomo. Mtoto aliyeliwa na funza ukimwambia habari za mguu wa asili, atakuuliza kama umekuja na viatu.

Ndiyo maana sikubali umaskini uuzwe kama hekima ya kale. Wakimbiaji wetu walipopata uwezo wa kuchagua, walichagua. Eliud Kipchoge alikimbia Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40 akiwa na soli nene kwelikweli.

Hiyo haimaanishi soli nyembamba ni upuuzi. Mimi mwenyewe huzipenda kwenye njia kavu ya vumbi, pale mguu unapoisoma ardhi. Ukitaka kujaribu, angalia kwanza kama vidole vinatanuka na kama soli inakunjika kwa mkono. Anza kwa kutembea, kisha kimbia kidogo kidogo kwa wiki nyingi, maana misuli ya ndama na mshipa wa kisigino hubeba mzigo mpya. Ukipanda Ngong wakati wa mvua, tafuta soli yenye meno. Wembamba peke yake hautakuzuia kuteleza.

Na kama hela ni kidogo, akala bado zinauzwa. Vaa kwa sababu zimekukaa vizuri, si kwa sababu mtu amekuambia babu yako alikuwa na siri.