Fanny Kemble na daftari lililokaa miaka 24

Wadau, najua mitihani inanukia na wengi mko kwenye nondo, ila naomba dakika tano tu. Kuna dada mmoja wa Kiingereza amenikaa kichwani wiki nzima hii.

Anaitwa Fanny Kemble, mzaliwa wa London, 1809. Kwao kazi ilikuwa moja, jukwaa. Shangazi yake ni Sarah Siddons, yule ambaye enzi zake hakuna mwigizaji wa kike aliyemfikia. Baba yake, Charles, naye alikuwa mwigizaji na mmoja wa wenye ukumbi wa Covent Garden. Cha ajabu binti mwenyewe hakuwa na mpango na uigizaji, yeye alitaka kuandika. Sasa mwaka 1829 ukumbi ukazama kwenye madeni, ukawa unakaribia kupigwa mnada, ndipo wazazi wakakumbuka kuwa nyumbani kuna binti.

Tarehe 5 Oktoba 1829 akapandishwa jukwaani kama Juliet. Ana miaka 19, mazoezi ya wiki chache tu. Mama yake mzazi alicheza mama wa Juliet, baba akachukua nafasi ya Mercutio. Yaani ukoo mzima umeingia vitani! London ikawehuka naye, na kwa misimu mitatu akawa ndiye anayejaza ukumbi. Moyoni wala hakuipenda kazi ile.

1832 akaenda Marekani na baba yake kuigiza, na huko akampata Pierce Butler, kijana tajiri wa Philadelphia. Wakaoana 1834, jukwaa akaliaga. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alipoolewa hakujua utajiri wa ukoo ule unatoka wapi. Ulitoka kwenye mashamba ya mpunga na pamba huko Georgia, yaliyolimwa na mamia ya watumwa.

Mwisho wa 1838 mume akampeleka huko, wakakaa hadi majira ya kuchipua ya 1839. Fanny akawa anaandika kila alichokiona. Wanawake walimjia wakiomba kitu kidogo tu: wakijifungua walikuwa wanarudishwa shambani baada ya wiki tatu, wakaomba iwe wiki nne. Aliwauliza mmoja mmoja wamezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa, akaorodhesha majina na idadi. Kurasa zile ni ngumu kuzisoma, kwa kweli. Akaanza pia kumfundisha kijana mmoja kusoma, wakati sheria ya Georgia ilikataza kabisa. Mume alipochoka akamwambia asimletee tena maombi ya watumwa.

Mnaweza kuuliza, kwa nini hakuchapisha palepale? Jibu ni mabinti zake wawili, Sarah na Frances. Sheria ya wakati ule iliwaweka watoto mikononi mwa baba. Ndoa ilivunjika, talaka ikatoka 1849, na watoto wakabaki kwa Butler. Angefungua mdomo, hata ile ruhusa ndogo ya kuwaona ingekuwa hatarini. Mimi simlaumu.

Kilichomlisha ni kipaji kilekile alichokuwa hakitaki. Kuanzia 1848 alikaa mezani peke yake mbele ya watu na kuwasomea tamthilia nzima za Shakespeare, sauti zote zake, mfalme yeye na mlinzi yeye. Haikuhitaji kundi wala mapazia, na hela ilikuwa yake.

Butler naye alizimaliza mali zake kwa kamari na hisa. Machi 1859, nje ya mji wa Savannah, watumwa wake 436 waliorodheshwa kwa mnada wa siku mbili, kwenye uwanja wa mbio za farasi. Zilipatikana zaidi ya dola 300,000. Kati yao walikuwemo wale waliozaliwa na kukua pale Fanny alipokaa.

Kitabu kilitoka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto. Mabinti walikuwa wameshatimiza miaka 21, hakuna tena wa kumnyang'anya.

Fanny alifariki London mwaka 1893. Ila mabinti waligawanyika: Sarah alisimama na mama, Frances na baba. Vita vilipokwisha Frances alirudi Georgia na Butler kuyaendesha mashamba yaleyale, na mwaka 1883 akatoa kitabu chake mwenyewe, akiutetea upande wa baba. Mama yake alikuwa bado hai.