Sabato Ni ya Yule Unayemtuma

Jumapili moja, saa kumi na mbili asubuhi, nilimtumia kijana anayenihariria video ujumbe: "Ile klipu iko wapi?" Kimya. Saa nne nikapiga simu, haikushikwa. Jioni ndiyo akaandika: "Bosi, leo nilikuwa kanisani halafu nikalala. Hii kazi siiwezi tena."

Wasee, nilikasirika, sitadanganya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, hakuna mtu ananilipa mshahara, na video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ile nilisema anayelala Jumapili atalia Jumatatu. Sasa huyu analala mchana kweupe na mimi nangoja klipu?

Nikachukua Biblia ya mathe kutafuta mstari wa kumnyamazisha. Nikapata kinyume.

Amri ya Sabato iko mara mbili. Kwenye Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita, ya saba akaacha. Kwenye Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine kabisa: mlikuwa watumwa Misri. Halafu inakuja orodha ya wanaofaa kupumzika, na hapo ndipo nilisimama. Mtumwa wa kiume, mtumwa wa kike, ng'ombe, punda, mgeni anayekaa kwako. Anayeambiwa ni mwenye boma, lakini wanaolindwa ni wale ambao hawawezi kumwambia hapana. Ng'ombe haombi ofu. Hata neno lenyewe la Kiebrania maana yake ni kuacha, kukoma. Kulala si lazima.

Kuna msee ataniambia hii ni dini ya wazungu. Pole. Karne ya 14 kulikuwa na mtawa hapa jirani Ethiopia, Ewostatewos, aliyefundisha kwamba Wakristo waheshimu Jumamosi na Jumapili, zote mbili. Kanisa la Ethiopia wakati huo lilikuwa chini ya Aleksandria, Misri, na wakubwa hawakutaka kusikia mambo ya Jumamosi. Akaondoka nchini, akafia Armenia 1352. Wafuasi wake wakatengwa, wakanyimwa upadre, na bado hawakuacha. Ilichukua karibu miaka 100. Mwaka 1450, kwenye mkutano wa Debre Mitmaq, mfalme Zara Yaqob alikubali siku zote mbili ziheshimiwe. Watu waliteseka kizazi baada ya kizazi wakitetea siku ya kutofanya kazi, na mimi nilikuwa naiita uvivu.

Ulaya hadithi ilienda kivingine. Mwaka 321 Konstantino, kaisari wa Roma, alitoa sheria kwamba mahakimu, watu wa mjini na mafundi wapumzike Jumapili. Wakulima wakaruhusiwa kuendelea, eti hali ya hewa haingoji mtu. Angalia vizuri ni nani aliachwa nje. Mtu wa shamba.

Na sisi hapa Uasin Gishu ni watoto wa shamba. Huu mji ulianza kama shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo. Makaburu walifika huku 1908 na mikokoteni ya ng'ombe, na imani yao ilikuwa ya Jumapili kali, kanisa na Zaburi. Lakini Jumapili ya mwenye shamba na Jumapili ya mfanyakazi wake hazikuwa kitu kimoja. Sheria ya 1918 ilisema skwota, yaani Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mlowezi, amfanyie mlowezi huyo kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Baadaye zikaongezwa. Kuanzia 1919 na 1920 wanaume wakavalishwa kipande, kile kikebe cha chuma shingoni chenye karatasi za kazi yako yote ndani. Wengine walifanya kazi kwa tiketi ya siku 30, na ilibidi uimalize ndani ya siku 42. Siku hukufanya kazi haikuwekwa alama. Hakuna alama, hakuna pesa. Kwa hivyo ndiyo, Jumapili ungeweza kupumzika, lakini ulijilipia mwenyewe.

Hiyo tiketi imenikaa kichwani. Kwa sababu mimi kijana wangu namlipa kwa klipu.

Wasabato wenyewe walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, Novemba 1906: Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka nchi inayoitwa Malawi leo. Nyambo husahaulika sana hadithi hii ikisimuliwa, sijui kwa nini. (Sawa, najua.) Karibu na sisi wana chuo kikuu Baraton, tangu 1980, na jua likizama Ijumaa pale mambo ya masomo yanafungwa. Kanisa hilo ndilo lilienda mahakamani kwa sababu ya wanafunzi wa shule za umma waliolazimishwa masomo Jumamosi. Mahakama Kuu ikawakatalia, lakini 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki. Na hata kama huna dini yoyote, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Nilikuwa sijawahi kuisoma. Mwajiri nani, mimi?

Mtu wa Eldoret atasema hata wakimbiaji wa Iten wengi hawafanyi mazoezi Jumapili. Kweli, na hiyo ilikuwa mfano wangu wa kwanza. Lakini mkimbiaji anapumzika ili Jumatatu miguu iwe na nguvu. Hiyo ni sehemu ya mazoezi. Punda wa Kumbukumbu la Torati hapumziki ili abebe zaidi kesho. Anapumzika kwa sababu bwana wake anapaswa kukumbuka Misri, basi. Hii ndiyo sehemu inanishinda, kwa sababu akili yangu inataka kila kitu kilete kitu.

Wiki iliyopita nilimtumia pesa za klipu tatu nilizokuwa nimekalia tangu mwezi uliopita. Nikamwandikia kwamba akirudi, Jumapili sitamtafuta, na nitamlipa kwa mwezi, isiwe ati akilala anakosa. Sijui nitaitoa wapi hiyo pesa mwezi ukiwa mbaya, na mingi huwa mibaya.

Alisoma Jumanne. Akajibu Alhamisi: "Sawa bosi, nitafikiria."

Miaka miwili nimekuwa nikimwambia asiniite bosi, mimi na yeye ni marafiki tu.