Septemba isiyokwisha

Juzi kijana mmoja anayejifunza Python aliniuliza swali ambalo nimelijibu pengine mara 20: mbona programu yake haioni maktaba aliyokwisha kuisakinisha? Nilikuwa karibu kumfokea. Halafu nikakumbuka kwamba kero hii ina historia, tena ina umri kunishinda.

Mnamo 1979, Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walibuni Usenet. Tarakilishi za Unix zilipigiana simu na kubadilishana ujumbe uliopangwa katika makundi kulingana na mada. Diski za siku hizo zilikuwa ndogo, kwa hivyo ujumbe wa zamani ulifutwa. Jibu zuri la leo, mwezi ujao halipo. Sasa mgeni akiuliza tena, kosa lake ni lipi? Angelitafuta wapi?

Aliyelitatua hilo vizuri ni Eugene Miya wa NASA. Mapema miaka ya 1980, katika orodha ya barua pepe ya SPACE kwenye ARPANET, alichoka kuona maswali yale yale. Akayakusanya pamoja na majibu yake, akawa anayatuma upya kila baada ya muda. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kurasa ya "maswali yanayoulizwa mara kwa mara". Naupenda ujanja wake: hakumwambia mgeni akatafute, alimtangulizia jibu njiani.

Usenet nayo ilikuwa na msimu wake. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walipata akaunti, wakaingia na fujo zao. Wenyeji waliwaelekeza mmoja mmoja, na baada ya wiki chache mambo yakatulia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe Oktoba. Mpango huo uliwezekana kwa sababu wenyeji walikuwa wengi kuliko wageni.

Kisha watu wasio wa vyuo wakaanza kumiminika. Januari 1994 Dave Fischer aliandika kwamba Septemba 1993 itakumbukwa kama ile ambayo haikwisha. Mwaka huohuo AOL ikawafungulia wateja wake mlango wa Usenet, na ikawa Septemba kila siku.

Wengi hulaumu adabu za wageni wale. Mimi nalaumu hesabu. Ukaribishaji wa mtu kwa mtu haukuweza kustahimili idadi ile, na wenyeji waliochoka wakaigeuza kazi ya Miya kuwa fimbo. Hata ghala kuu la kurasa hizo, kule MIT, lilikaa kwenye seva iliyoitwa rtfm.mit.edu, herufi ambazo maana yake ni "kasome mwongozo", na tusi katikati. Upole wote ule, na mlangoni tusi!

Oktoba 1995 Sally Hambridge wa Intel alitoa RFC 1855, mwongozo wa adabu za mtandaoni. Unakiri mapema kabisa kwamba wageni hawa hawahitaji kujua habari za itifaki. Ilichukua muda mrefu mtu kuliandika hilo.

Yule kijana alikuwa na Python mbili kwenye tarakilishi moja, na pip ilikuwa ya ile nyingine. Nimemjibu, na jibu nimelihifadhi kwa atakayefuata. Pia nimesakinisha sdate, programu ndogo inayohesabu siku kana kwamba Septemba 1993 bado inaendelea. Imeshapita tarehe 11,000.